Sensa za upepo wa tairi: uliza kwanza gari lako lilitengenezewa nchi gani

Wasomaji wengi huniuliza kuhusu ile taa ya njano yenye umbo la tairi lililokatwa na alama ya mshangao katikati, na swali lao huwa lile lile: gari ni aina fulani, la mwaka fulani, ninunue sensa gani? Jibu langu ni kwamba aina na mwaka havitoshi, na mara nyingi ndivyo vinavyompoteza mnunuzi. Sensa ya upepo huchaguliwa kwa kujua gari lilitengenezewa soko la nchi gani. Chukua Subaru Forester tatu za mwaka 2015, zinazofanana kwa macho mpaka kwenye viti. Iliyouzwa Marekani inataka sensa ya megahezi 315. Iliyouzwa Ulaya inataka ya megahezi 433. Iliyouzwa Japani, ambayo ndiyo iliyojaa Nairobi na Dar es Salaam, kwa kawaida haitaki sensa yoyote, kwa sababu haikuwekewa mfumo huo tangu kiwandani. Ukiagiza kwa jina la gari tu unabahatisha. Msimamo wangu wa pili nautoa mapema vilevile: gari likishakuwa na umri wa miaka minane au zaidi, badilisha sensa zote nne kwa mkupuo, ziwe mpya, na ufanye hivyo siku ile ile unayobadilisha matairi. Za mtumba ziache dukani.

Tofauti hii ya masoko ina historia yake. Agosti 2000 kampuni ya Firestone iliita irudishwe mamilioni ya matairi, mengi yakiwa yamefungwa kwenye Ford Explorer, baada ya matairi kuchanika mwendoni na magari kupinduka. Vifo vilivyohusishwa na matairi hayo nchini Marekani vilipita 200. Novemba mwaka huo huo Bunge la Marekani lilikuwa limeshapitisha sheria iliyolazimisha, pamoja na mengine, kila gari dogo jipya liwe na mfumo wa kumwonya dereva upepo ukipungua. Utekelezaji ulianza kwa awamu Oktoba 2005, na kuanzia Septemba 2007 magari mapya yote yalitakiwa kuwa nao. Ulaya ilifuata baadaye: aina mpya za magari kuanzia Novemba 2012, na kila gari jipya kuanzia Novemba 2014. Japani haikuweka sharti hilo kwa magari yake ya ndani. Kwa hiyo gari la Marekani la mwaka 2009 karibu hakika lina mfumo, la Uingereza la mwaka 2009 huenda linao au halina, na la Japani la mwaka 2015 huenda halijawahi kuuona.

Sasa weka historia hiyo juu ya namna magari yanavyotufikia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na waagizaji wengi huchukua la miaka 7 ili kodi iwe nafuu. Tanzania haizuii kwa umri, lakini inatoza ushuru wa uchakavu kwa magari makuukuu, na watu wanaulipa. Betri ya sensa ya tairi huishi kati ya miaka 5 na 10. Maana yake ni kwamba gari lenye mfumo huo linashuka melini Mombasa au Dar es Salaam likiwa na sensa zinazokaribia kufa kwa uzee. Mwaka mmoja au miwili baadaye taa inawaka, na mwenye gari anaishia kulaumu mashimo ya barabarani, fundi pancha, au muuzaji aliyempa matairi ya bei nafuu. Wote hao huenda hawana kosa. Betri zilitiwa kiwandani siku moja, zimefanya kazi pamoja, na zitazimika zikifuatana. Ndiyo sababu kubadilisha moja moja kwenye gari la zamani ni kumlipa fundi mara nne kuondoa tairi kwenye rimu, kazi ambayo kila ikirudiwa inaweza kuumiza rimu, tairi, au sensa mpya uliyoifunga mwezi uliopita.

Ndani ya kile kipande cheusi cha plastiki, chenye uzito wa gramu 30 hivi, kuna kipima mgandamizo, kipima joto, kitambuzi cha mzunguko, redio ndogo ya kurusha ujumbe na betri ya lithiamu kama ile ya saa. Vyote vimemwagiwa gundi ngumu ili vihimili mtikisiko, na kwa hiyo betri haibadilishwi peke yake. Najua wapo mafundi wanaochonga gundi, kuchomelea betri nyingine na kuziba kwa silikoni. Sikushauri. Sensa hukaa ndani ya tairi linalozunguka, na kwa kasi ya barabara kuu nguvu inayoisukuma nje ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Betri iliyochomelewa mezani haikuandaliwa kwa hilo. Gari likisimama, sensa hulala ili kutunza betri. Gurudumu likianza kuzunguka inaamka na kutuma ujumbe kila baada ya muda mfupi, na upepo ukishuka ghafla hutuma papo hapo. Ujumbe wenyewe una mambo machache: upepo, joto, hali ya betri, na namba ya utambulisho ya sensa, ambayo kwa kawaida ni tarakimu na herufi nane.

Hapo ndipo suala la masafa linapoingia. Kompyuta ya gari ina kipokezi kilichofungwa kwenye masafa mamoja tu, kama redio iliyokwama kwenye stesheni moja. Magari mengi ya Marekani husikiliza megahezi 315, ya Ulaya 433.92, na magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya nchi za Ghuba na Afrika hufuata Ulaya. Sensa ya masafa mengine haitasikika hata ikiwa mpya, ya kampuni bora, na imetengenezwa kwa ajili ya gari hilo hilo la mwaka huo huo. Hapa kuna mtego uliowagharimu wengi. Fundi anafunga sensa nne mpya, anapitisha kifaa chake karibu na kila tairi, na kifaa kinasoma zote: upepo huu, betri nzuri, namba hii. Anamwonyesha mteja skrini, mteja analipa. Asubuhi taa inapepesa tena. Kifaa cha fundi husikiliza masafa yote mawili, gari husikiliza mamoja. Kusomeka kwenye kifaa kunathibitisha kwamba sensa iko hai, hakuthibitishi kwamba gari linaisikia. Usilipe mpaka uone gari lenyewe limeitambua, baada ya kuliendesha dakika kumi hadi ishirini.

Hatari hii ni kubwa zaidi kwa wanaonunua kupitia Dubai na Sharjah, ambako magari ya Marekani, mengi yakiwa yalipata ajali na kukarabatiwa, yanauzwa yadi moja na magari yaliyotengenezewa Ghuba. Yana usukani wa kushoto yote, yanafanana, na mengi huishia Oman, Kongo na Rwanda. Huko usukani hausemi lolote kuhusu masafa.

Basi utajuaje gari lako lilitengenezewa nani? Fungua mlango wa dereva usome stika kwenye nguzo ya mlango. Ya Marekani itakuwa na maandishi marefu yanayotaja viwango vya usalama vya shirikisho, uzito umeandikwa kwa paundi, na upepo kwa psi na kilopaskali. Ya Ulaya huwa na bar, au kilopaskali pamoja na michoro. Ya Japani ina maandishi ya Kijapani na kilopaskali. Kisha angalia namba ya chesisi kwenye kadi ya gari. Gari lililouzwa Japani huwa na namba fupi yenye kistari katikati, herufi na tarakimu chache kabla yake na tarakimu nyingine baada yake, wakati magari ya masoko mengine huwa na namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Watu hupenda kusoma herufi ya kwanza ya namba hiyo ndefu na kusema hii ni J, basi ni gari la Japani. Herufi hiyo inasema gari liliundwa wapi, haisemi liliuzwa wapi. Subaru iliyoundwa Japani na kupelekwa Marekani inaanza na J, na masafa yake ni ya Marekani.

Ushahidi wa mwisho, na ulio bora, ni sensa yenyewe. Tairi likiwa limefunguliwa, mulika tochi chini ya valvu. Ubavuni mwa sensa pameandikwa jina la mtengenezaji, masafa, na ile namba ya utambulisho. Piga picha. Hata kama betri imekufa, maandishi hayajafa, na picha hiyo ina thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Kabla ya kununua, hakikisha kwanza gari lina sensa ndani ya matairi. Kuna mfumo wa pili usio na sensa yoyote humo. Unatumia vitambuzi vya breki za ABS kulinganisha mzunguko wa magurudumu: tairi lililopungua upepo huwa na kipenyo kidogo, kwa hiyo huzunguka haraka kidogo kuliko wenzake, na kompyuta inaona tofauti. Golf nyingi za Ulaya hutumia mfumo huu, na BMW na Mercedes nyingi za zamani zisizo za Marekani pia. Taa ni ile ile, umbo ni lile lile. Nimeona watu wakinunua sensa nne kwa gari la aina hiyo, wakazifunga, na zikabaki kuwa uzito mtupu kwenye rimu. Gari hilo lilihitaji kujazwa upepo sawasawa kwenye matairi yote, kisha kubonyezwa kitufe ili mfumo ujifunze upya. Na usidanganywe na kitufe chenyewe. Wengi huamini kwamba palipo na kitufe cha SET hapana sensa. Toyota kadhaa zenye sensa halisi zina kitufe hicho chini ya dashibodi. Valvu ya chuma yenye nati nje ya rimu ni dalili nzuri kwamba sensa imo, lakini valvu ya mpira haimaanishi kwamba haimo, kwa kuwa zipo sensa zinazofungwa kwenye valvu ya mpira pia.

Ukishajua soko na masafa, dukani kuna aina tatu. Kwanza, sensa halisi ya mtengenezaji wa gari, ambayo ni nzuri na ghali. Pili, sensa ya kampuni nyingine iliyokwisha kuprogramiwa kwa kundi fulani la magari, inayofaa ikiwa gari lako limo kwenye orodha yake, bila kukadiria. Tatu, sensa tupu ya kuprogramu, ambayo haijui gari lolote mpaka fundi aitie lugha ya gari lako kwa kifaa. Masafa peke yake hayatoshi, kwa kuwa Toyota, Ford na Land Rover kila moja hupanga ujumbe kwa namna yake. Kwa gari la zamani mimi huchagua hii ya tatu, kutoka kwa watengenezaji wanaojulikana kama Schrader, Huf, Continental, Alligator au Autel. Hizi kampuni tatu za kwanza hutengeneza pia sensa ambazo viwanda vya magari hufunga, kwa hiyo hofu kwamba kila kisicho na nembo ya gari ni feki haina msingi. Lakini neno "universal" kwenye boksi lisikulevye. Maana yake ni kwamba sensa inaweza kufundishwa magari mengi. Ukiifunga kabla haijafundishwa, haina kazi. Baadhi hutoa masafa yote mawili, nyingine hutoa mamoja tu, na muuzaji asiyejua tofauti hiyo hafai kukuuzia.

Sababu kubwa ya kupenda sensa ya kuprogramu ni kwamba inaweza kunakili namba ya sensa ya zamani. Magari hayajifunzi sensa mpya kwa njia moja. Mengine hujifunza yenyewe baada ya safari fupi. Mengine yanataka hatua fulani za kubonyeza na kuwasha swichi ukiwa umesimama. Mengine, Toyota na Lexus nyingi zikiwemo, yanataka namba nne ziandikwe kwenye kompyuta kupitia tundu lililo chini ya usukani, kwa mashine inayolifahamu gari hilo. Kwenye miji mingi yetu mashine ya namna hiyo haipatikani kila gereji. Ukinakili namba za zamani kwenye sensa mpya, gari halijui kwamba kuna kilichobadilika na halitaki kufundishwa. Ndiyo maana nasisitiza picha. Nakuomba ufanye hivi hata kama taa yako haijawaka: safari ijayo ya gereji, sensa zikiwa bado hai, mwambie fundi azisome kwa kifaa na akuandikie namba zote nne pamoja na gurudumu la kila moja. Magari makubwa kama Discovery na baadhi ya Land Cruiser yana ya tano kwenye tairi la akiba, na hiyo ndiyo inayosahaulika na kuendelea kuwasha taa wakati matairi yote manne yako sawa.

Nimesema za mtumba uziache, na najua Gerezani ya Dar es Salaam na Kirinyaga Road ya Nairobi zinauzwa kwa bei inayovutia. Tatizo lake ni betri isiyopimika kwa uhakika. Kifaa kitakwambia ni nzima au dhaifu, hakitakwambia imebakiza miezi mingapi. Sensa iliyotolewa kwenye gari lililochinjwa ina umri wa gari hilo. Ukijumlisha gharama ya kufungua tairi, kulisawazisha upya na kufundisha kompyuta, kisha ukarudia baada ya mwaka, rahisi imegeuka ghali.

Wakazi wa pwani wana jambo lao la kuangalia zaidi. Valvu nyingi za sensa ni za aluminiamu, na hewa ya chumvi ya Mombasa, Tanga au Zanzibar huila aluminiamu polepole. Adui mkubwa hapo ni kitu kidogo sana: sindano ya ndani ya valvu. Valvu ya aluminiamu inataka sindano iliyopakwa nikeli. Fundi akiweka sindano ya kawaida ya shaba nyeupe, metali hizo mbili zikikutana na unyevu wa chumvi huanza kulana, sindano inagandia, na siku ukitaka kujaza upepo valvu inakatikia mkononi. Vifuniko vya chuma vya mapambo hufanya uharibifu huo huo: hugandia, na wakati wa kuvilazimisha valvu huvunjika pamoja navyo. Tumia kifuniko cha plastiki. Kwa gari linaloishi pwani ningechagua sensa yenye valvu ya mpira pale mtengenezaji anaporuhusu, kwa sababu ni nafuu kubadilisha na haishambuliwi vile. Na popote ulipo, kila tairi linapofunguliwa, raba, nati na sindano ya valvu vibadilishwe. Huuzwa pamoja kama seti ndogo, na bei yake haikaribii ya sensa. Raba iliyokwisha kubanwa miaka minane haizibi tena vizuri ikibanwa upya.

Kisha kuna fundi pancha, ambaye hulaumiwa sana bila kuelekezwa. Sensa inakaa moja kwa moja nyuma ya valvu. Akianza kubandua ukingo wa tairi upande huo kwa nondo au kwa mkono wa mashine, ataipiga. Akianza upande wa mbali na valvu, itapona. Mwambie kabla hajagusa tairi, kwa kuwa kwa nje hawezi kujua. Mkatalie pia mambo mawili. La kwanza ni tyubu. Ni desturi yetu tairi la tyublesi likianza kuvuja kwenye ukingo kuwekewa tyubu, na tyubu haiwezi kukaa pamoja na sensa. Lazima sensa itolewe, na wengi huitupa bila kumwambia mwenye gari. La pili ni dawa za kuziba pancha zinazomiminwa kupitia valvu. Baadhi zimeandikwa kwamba hazidhuru sensa, lakini zinazokauka na kuwa nzito huziba kile kitundu ambacho sensa inapimia upepo. Sensa iliyoziba haifi. Inaendelea kutuma kipimo kile kile cha zamani, na hilo ni baya zaidi kuliko kufa.

Wenye magari ya Japani yasiyo na mfumo huuliza kama waufunge. Kuweka sensa za ndani peke yake hakutasaidia kwa kuwa hakuna kipokezi wala taa. Zipo seti za bei nafuu zenye skrini ndogo ya kuweka kwenye dashibodi na vifuniko vinne vyenye sensa vinavyofungwa juu ya valvu. Kwa msafiri wa mara kwa mara ni bora kuliko kutokuwa na chochote, na nimezikuta zikifanya kazi vizuri. Zina kasoro tatu: kifuniko kinabonyeza sindano ya valvu muda wote, hivyo kikivuja tairi nalo linavuja, uzito wake hutikisa valvu ya mpira ya zamani kwenye barabara ya vumbi mpaka ichanike shinani, na mwizi huvifungua kwa vidole. Ukizichagua, weka valvu za chuma kwanza. Seti za namna hiyo zenye sensa za ndani na skrini yake ni salama zaidi, na ndizo ningependelea siku ya kubadilisha matairi.

Lipo lalamiko jingine ambalo halina uhusiano na ubovu: "mfumo unasema uongo, geji ya fundi inaonyesha tofauti." Sensa imezungukwa na upepo wa tairi pande zote, haiijui hewa ya nje. Inapima mgandamizo wote, kisha kompyuta inatoa mgandamizo wa hewa ya nje ili kupata namba ya kukuonyesha. Baadhi ya mifumo hutoa kiasi cha usawa wa bahari popote ulipo. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa psi 2 na nusu hivi. Mfumo wa namna hiyo Nairobi au Mbeya utaonyesha psi 29 au 30 mahali ambapo geji inasema 32. Taa yake itawaka mapema kidogo, na hakuna aliyedhurika. Joto nalo lina mchango wake: kila nyuzi 10 za Selsiasi hubadilisha upepo kwa takriban psi 1 na nusu, ndiyo maana taa inayowaka Makambako alfajiri hujizima yenyewe kufika Chalinze mchana. Hiyo ni dalili kwamba upepo uko kwenye mpaka, na dawa yake ni kujaza asubuhi tairi likiwa baridi.

Kwa hiyo soma taa kabla ya kutoa pesa. Kwa magari yaliyofuata sheria ya Marekani, na mengi ya Ulaya, taa inayowaka moja kwa moja inasema upepo umepungua. Inayopepesa kwa dakika moja hivi baada ya kuwasha gari, kisha ikabaki imewaka, inasema mfumo wenyewe una hitilafu, na kwenye gari la zamani hitilafu hiyo mara nyingi ni betri ya sensa. Mafundi wanaokuondolea taa hiyo kwa kuitoa balbu au kuizima kwenye kompyuta hawajakutengenezea kitu. Tairi lililopungua upepo hujikunja ubavuni kila mzunguko, kujikunja huzaa joto, na kwa gari lililojaa abiria na mizigo, kwenye lami ya mchana kati ya Mtito Andei na Voi, joto hilo ndilo linalochana tairi. Dereva hasikii lolote mpaka lichanike.

Ninalowaomba wauzaji wa sensa ni kuandika masafa kwenye kila tangazo na kila risiti, na kukataa kuuza mpaka mteja alete namba ya chesisi au picha ya sensa ya zamani. Gereji zinazofunga matairi ziwe na kifaa cha kusoma sensa, na zisome zote nne kabla ya kazi na baada ya kazi, mbele ya mteja. Ubishi mwingi kati ya fundi na mwenye gari kuhusu nani kavunja sensa utaishia hapo.

Na wewe mwenye gari, ukishafunga sensa nne mpya za masafa sahihi na taa ikazima, nunua geji ya mkono uiweke kwenye droo ya gari. Kiwango cha sheria ya Marekani ni taa kuwaka upepo unapokuwa umepungua kwa asilimia 25. Kwa tairi la psi 32, mtengenezaji anaruhusiwa kuiacha taa imezima mpaka upepo ufike 24. Geji itakuambia ukiwa bado 29.